Kupiga Linux Upya Bila Kupoteza Partisheni Iliyosimbwa

Kompyuta ikianza kusumbua, ushauri wa kwanza unaotolewa vijiweni na madukani ni uleule: piga upya. Kwa mashine ambayo diski yake iko wazi, ushauri huo hauna hatari kubwa. Fundi akikosea, faili nyingi bado hufukulika kwa programu za kurejesha. Diski iliyosimbwa haina msamaha wa namna hiyo. Kosa la sekunde chache kwenye ukurasa wa kugawa diski linaweza kufunga milele kazi ya miaka mingi, na aliyelifanya akabaki analijua nenosiri lake vizuri kabisa, ila halina tena kitu cha kufungua.

Chanzo cha maafa ya aina hii ni imani moja iliyoenea: kwamba nenosiri ndilo ufunguo wa data. Silo. Anayetaka kusakinisha Linux upya na kubaki na partisheni yake iliyosimbwa hana budi kujua kwanza ni kitu gani hasa kinachozishikilia data hizo, kinakaa wapi kwenye diski, na ni nani anayeweza kukigusa siku ya kazi. Akishajua hayo, amri zenyewe ni chache na si ngumu.

Kwenye Linux, kazi ya kusimba diski hufanywa na dm-crypt, sehemu ya kerneli iliyoingia katika toleo la 2.6.4 mwaka 2004. dm-crypt ni kibarua asiyeuliza maswali: sekta inayokwenda kuandikwa huisimba, inayosomwa huifumbua. Haijui nenosiri wala mtumiaji. Mwaka huohuo Clemens Fruhwirth alibuni LUKS, utaratibu unaohifadhi mwanzoni mwa partisheni yenyewe kila kinachohitajika ili kuifungua: aina ya usimbaji, urefu wa ufunguo, na namna ya kuligeuza nenosiri kuwa ufunguo. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuyakumbuka hayo yote mwenyewe, au ayaandike mahali. Faida ya LUKS ni kwamba diski inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, kutoka Debian hadi Fedora, na ikafunguka bila shida. Kupiga upya bila kupoteza data kunawezekana kwa sababu hiyo. Partisheni ya LUKS haiutegemei mfumo uliosakinishwa.

Eneo hilo la mwanzo huitwa kichwa. Unapounda LUKS, programu ya cryptsetup hutengeneza ufunguo mkuu kwa namba za nasibu, na huo ndio unaosimba data. Nenosiri lako kazi yake ni kusimba nakala ya ufunguo mkuu, na nakala hiyo huwekwa kwenye nafasi mojawapo ndani ya kichwa. LUKS ya kwanza ina nafasi nane. LUKS2, iliyokuja na cryptsetup 2.0 mwishoni mwa 2017, inafika hadi 32. Ni kama kisanduku cha funguo kilichotundikwa mlangoni mwa ghala: namba yako hufungua kisanduku, na ufunguo uliomo ndio unaofungua ghala. Mtu akikibandua na kutundika kingine, hata akiweka namba ileile, ufunguo wa ndani si wa ghala lako tena.

Fikiria sasa kisakinishi kilichoambiwa kisimbe partisheni ambayo tayari ilikuwa imesimbwa. Kinauliza nenosiri, unaandika lilelile la zamani, nacho kinaunda kichwa kipya chenye ufunguo mkuu mpya. Data zako zote bado zipo kwenye diski, baiti kwa baiti, lakini ufunguo uliozisimba haupo duniani. Hakuna kampuni ya kurejesha data inayoweza kukusaidia hapo, na anayekuahidi kwamba anaweza anakudanganya.

Kichwa ni kidogo mno ukilinganisha na data kinazozilinda. Katika LUKS ya kwanza, kichwa pamoja na nafasi zake kwa kawaida hukaa ndani ya mebibaiti 2 za mwanzo. Katika LUKS2 ni 16. Tena Fruhwirth aliufanya ufunguo uwe dhaifu kwa makusudi. Ufunguo mkuu wa baiti 64 hutandazwa mara 4000 hadi kufikia baiti 256,000, kwa hesabu inayofanya sehemu yoyote ikiharibika, ufunguo mzima upotee. Alikuwa na sababu nzuri: mtu anayetaka kufuta ufunguo wake awe na hakika kwamba umefutika kweli, hata kama diski imebakiza masalia hapa na pale. LUKS2 hutunza nakala mbili za maelezo ya kichwa, jambo lililowafanya wengine waamini kwamba sasa kichwa kinajirekebisha chenyewe. Kinarekebisha maelezo tu. Eneo la funguo halina nakala.

Ndiyo maana jambo la kwanza, kabla ya kuchoma flashi ya usakinishaji, ni kuchukua nakala ya kichwa. Amri ni moja: cryptsetup luksHeaderBackup, jina la partisheni, kisha --header-backup-file na jina la faili. Faili inayotoka ina mebibaiti chache na inatosha kwenye flashi yoyote. Isibaki kwenye diski hiyohiyo, maana haitakufaa siku ya shida. Ijulikane pia kwamba nakala hii ni siri kama nenosiri lenyewe. Ukibadilisha nenosiri leo kwa sababu mtu amelijua, nakala ya kichwa ya mwaka jana bado inafunguka kwa nenosiri la mwaka jana, na ndani yake mna ufunguo mkuu uleule. Nakala za zamani zisizohitajika ziharibiwe.

Wako wanaopumua baada ya hatua hiyo na kuiita bakapu. Siyo. Nakala ya kichwa inakuokoa kichwa kikiharibika. Haikuokoi diski ikifa, mtoto akiidondosha, au kisakinishi kikiandika juu ya data zenyewe. Bakapu ni faili zako kwenye diski nyingine, nayo iliyosimbwa, iliyochomolewa na kuwekwa kando kabla kazi haijaanza. Nimesikia mafundi wakisema kwamba kwa mteja asiye na diski ya pili hatua hii inarukwa. Kwa maoni yangu mteja huyo hakupaswa kupigiwa upya siku hiyo.

Na je, kupiga upya kwenyewe kuna haja? Mara nyingi hakuna. Tabia hii imetoka kwenye Windows za zamani zilizokuwa zikichoka kadiri zinavyotumika, ikahamia kwa watumiaji wa Linux bila kuulizwa. Debian na Ubuntu zina njia rasmi ya kupanda toleo hadi toleo bila kugusa partisheni. Fedora pia. Kerneli iliyogoma kuwaka hurekebishwa kwa kuchagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Madirisha yaliyoharibika hurekebishwa kwa kuifuta mipangilio ya mtumiaji. Sababu za kweli za kupiga upya zipo: kuhama kutoka usambazaji mmoja kwenda mwingine, mfumo ulioingiliwa na wadukuzi, au matoleo mengi yaliyorukwa hadi njia ya kupanda ikafungwa. Nje ya hizo, tatizo likitengenezwa mahali lilipo partisheni inakaa salama, na hata bando linalokwenda kwenye kupakua faili la gigabaiti kadhaa linabaki mfukoni.

Tuseme sababu ipo. Swali linalofuata ni jinsi diski ilivyopangwa, na hapa siku ya usakinishaji wa kwanza ndiyo inayoamua mengi. Amri ya lsblk -f inaonyesha picha nzima: partisheni ipi ni crypto_LUKS, ndani yake kuna nini, na kipi kimepachikwa wapi. Mtu aliyechagua usimbaji wa diski nzima kwenye Ubuntu au Debian kwa kawaida atakuta partisheni ndogo ya EFI, partisheni ya /boot iliyo wazi, kisha partisheni moja kubwa ya LUKS. Ndani ya LUKS kuna LVM, mpango unaoigawa nafasi hiyo kuwa juzuu: ya mfumo, ya swap, na pengine ya /home.

Neno "pengine" ndilo lenye uzito. Kisakinishi cha Ubuntu, usipokiambia vinginevyo, huweka mfumo na faili zako katika juzuu moja. Kilichopo kwenye juzuu ya mfumo hakiwezi kubaki ukiifomati juzuu hiyo, hata LUKS yenyewe ikibaki salama. Mtu wa namna hii hana cha kuhifadhi kwa ujanja wa partisheni. Yeye anahitaji bakapu kamili, apige upya, kisha arudishe. Au, kama juzuu ina nafasi ya kutosha, aipunguze na kuunda juzuu mpya ya /home kabla ya kuanza, kazi ambayo nisingemshauri mtu aifanye kwa mara ya kwanza akiwa na data zisizo na nakala.

Fedora ilichukua njia nyingine. Tangu toleo la 33 la mwaka 2020, toleo lake la mezani hutumia Btrfs, na ndani ya partisheni moja huweka vijuzuu viwili, kimoja cha mfumo na kimoja cha /home. Kijuzuu cha mfumo kinaweza kufutwa na kuundwa kingine huku cha /home kikibaki, bila kuhesabu gigabaiti za kila kimoja. Kwa kupiga upya, sijaona mpangilio wa kawaida ulio rahisi kuliko huo. Kisakinishi chake, Anaconda, nacho kinaijua LUKS iliyopo: kwenye upangaji wa mkono kinakupa mahali pa kuandika nenosiri, kinaifungua, na kinaonyesha vilivyomo. openSUSE hali kadhalika: kisakinishi chake cha miaka mingi, YaST, kiliuliza nenosiri mapema na kiliweza kuchukua sehemu za kupachikia kutoka kwenye mfumo uliokuwapo.

Upande wa Ubuntu mambo yamekuwa magumu zaidi badala ya kuwa mepesi. Kisakinishi cha zamani, Ubiquity, hakikuwa na kitufe cha kufungulia LUKS, lakini kiliona kilichofunguliwa tayari: ulifungua terminali kwenye mfumo wa flashi, ukafungua partisheni kwa cryptsetup open, ukaamsha LVM kwa vgchange -ay, kisha ukaanzisha usakinishaji na kuzikuta juzuu zako zimejipanga. Kisakinishi kipya kilichoanza kuwa cha kawaida katika toleo la 23.04 hakikurithi uwezo wote huo. Toleo la 24.04, ambalo ni la muda mrefu, lilitoka likiwa na usimbaji kwa anayekubali kufuta diski nzima, huku upangaji wa mkono ukiwa hauna nafasi ya LUKS. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi, chaguo hilo la kwanza ndilo la kuogopwa kuliko yote.

Kisakinishi cha Debian kina mtego wake. Ukiingia kwenye menyu yake ya juzuu zilizosimbwa na kuteua partisheni kama mpya, chaguo lake la kawaida ni kuijaza kwanza partisheni nzima kwa data za nasibu kabla ya kuunda LUKS. Kiusalama ni jambo zuri, maana anayeitazama diski hajui ni wapi pameandikwa na ni wapi patupu. Kwa mtu aliyebonyeza kwa kudhani anafungua ya zamani, kila dakika inayopita ni gigabaiti nyingine zilizofutika.

Kutokana na tofauti hizi, nina upendeleo ambao siufichi: njia salama ni kutokukipa kisakinishi nafasi ya kuigusa data hata kidogo. Kama /home au data ziko kwenye partisheni yake ya LUKS, iache ikiwa imefungwa. Sakinisha mfumo kwenye partisheni ya mfumo peke yake, uiache ile nyingine ikiwa na alama ya kutotumika, na uunde mtumiaji mwenye folda ya muda. Mfumo mpya ukishawaka vizuri ndipo uifungue partisheni ya zamani kwa mkono, uhakikishe faili zipo, kisha uziandike /etc/crypttab na /etc/fstab. Kompyuta ya mezani yenye diski mbili inarahisisha zaidi: chomoa waya wa diski ya data mpaka usakinishaji uishe. Kisakinishi hakiwezi kufuta kisichokiona.

Kabla ya kufika huko yapo mambo ya kupima, na yanapimwa mfumo wa zamani ungali unawaka.

La kwanza kwa uzito ni faili la ufunguo. Watu wengi wenye partisheni mbili za LUKS huandika nenosiri mara moja tu wakati wa kuwasha. Ya pili hujifungua kwa faili lililohifadhiwa ndani ya ya kwanza, mara nyingi chini ya /etc. Miaka inapita, nenosiri la ile ya pili linasahaulika, au halikuwahi kuwekwa. Siku ya kupiga upya juzuu ya mfumo inafomatiwa na faili la ufunguo linaondoka nayo. Partisheni ya data haijaguswa, kichwa chake kizima, na haifunguki. Dawa yake ni amri ya cryptsetup open --test-passphrase, ambayo hujaribu nenosiri bila kufungua kitu. Likikataa, na partisheni ingali wazi, ongeza nenosiri kwa luksAddKey ukitumia faili hilo la ufunguo. Nusu dakika ya kazi.

Jirani yake ni chipu ya TPM. Kompyuta za siku hizi zinaweza kufungua LUKS bila nenosiri kwa kuufungia ufunguo ndani ya chipu hiyo, na systemd imerahisisha jambo hili tangu toleo la 248 la mwaka 2021. Chipu hutoa ufunguo pale tu hali ya kuwasha mashine inapolingana na ile iliyoandikishwa. Mfumo mpya, mipangilio mipya ya Secure Boot, au sasisho la programu ya bodi vyaweza kuibadili hali hiyo, na chipu ikakaa kimya. Asiye na nenosiri au ufunguo wa dharura kwenye nafasi ya pili atakuwa amejifungia nje mwenyewe.

Halafu kuna kibodi. Nenosiri lililowekwa kwenye kibodi ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bujumbura, Goma na Lubumbashi, likiandikwa kwenye flashi iliyowaka na mpangilio wa Kimarekani hutoka tofauti: a inakuwa q, z inakuwa w, na namba zinageuka alama. Mtu huandika mara tano, anakataliwa mara tano, anahitimisha kwamba LUKS imeharibika, kisha anafomati kwa hasira. Badilisha mpangilio wa kibodi kwanza, au andika nenosiri mahali linapoonekana uone kinachotoka.

Mashine izimwe kabisa, isilazwe. Mfumo uliolala kwa kuandika kumbukumbu yake kwenye swap unaamini faili ziko vilevile ulivyoziacha. Ukipachika partisheni zake kutoka kwenye flashi halafu ukauamsha, vitu viwili vitaandika juu ya ramani moja na kuiharibu. Na kwetu ambako umeme haukawii kukatika, betri ya laptopu iwe imejaa au mashine ya mezani iwe kwenye UPS. Kukatika katikati ya kunakili faili za mfumo si msiba, unaanza tena. Kukatika wakati jedwali la partisheni linaandikwa ni jambo jingine, na kwa hilo nakala ya jedwali ichukuliwe kwa sgdisk --backup, iwekwe pamoja na ile ya kichwa.

Kuna pia data zisizokaa kwenye /home, ambazo husahaulika na watu makini kabisa. Hifadhidata za PostgreSQL na MySQL ziko chini ya /var/lib. Mashine pepe za libvirt na kontena za Docker ziko hukohuko. Tovuti ya ofisi huenda iko /var/www, na programu ya uhasibu aliyoweka fundi aliyepita huenda iko /opt. Partisheni ya /home ikibaki salama huku daftari lote la wadaiwa likiwa limefutika kwenye /var, mwenye duka hatakushukuru.

Sehemu inayowachosha watu wengi huja baada ya usakinishaji. Anayesakinisha mfumo ndani ya LUKS ya zamani kwa njia ya kufungua kwanza terminali anakuta kisakinishi kimemaliza bila malalamiko, anawasha upya, na anatupwa kwenye skrini nyeusi inayosubiri amri, yenye neno initramfs mwanzoni mwa mstari. Data haijapotea. Mfumo mpya haukuambiwa kwamba diski yake imesimbwa. Kisakinishi kilikuta mlango wazi, hakikuuliza ulifunguliwaje, kwa hiyo hakikuandika crypttab wala kuingiza zana za kufungulia kwenye initramfs, ule mfumo mdogo unaotangulia kuwaka.

Ili kuepuka hilo, usiwashe upya mara usakinishaji unapoisha. Baki kwenye mfumo wa flashi, pachika mfumo mpya pamoja na /boot yake na partisheni ya EFI, ingia ndani yake kwa chroot, hakikisha kifurushi cha cryptsetup-initramfs kimo, andika crypttab, kisha tekeleza update-initramfs -u -k all. Kwenye Fedora kazi hiyo hufanywa na dracut, kwenye Arch na mkinitcpio. Makosa mawili hujirudia. Moja ni jina: jina ulilotumia kufungulia LUKS kwenye flashi lazima lifanane na lililoandikwa kwenye crypttab, la sivyo zana ya Debian na Ubuntu inashindwa kuviunganisha na inaiacha diski yako nje ya initramfs kwa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Jingine ni UUID. crypttab inataka UUID ya partisheni ya LUKS yenyewe. Fstab inataka ya mfumo wa mafaili uliomo ndani. Zote mbili zinaonekana kwenye blkid, zote ndefu, na kuzibadilishana ni rahisi.

Aliyesimba mpaka /boot aangalie jambo moja zaidi. GRUB ilianza kuelewa LUKS2 katika toleo la 2.06 la mwaka 2021, lakini kwa nafasi za funguo zinazoligeuza nenosiri kwa PBKDF2 tu, wakati cryptsetup ya kisasa huweka Argon2 kwa kawaida. Mtu anaweza kuwa na nenosiri sahihi, kichwa kizima na crypttab isiyo na dosari, na GRUB bado ikashindwa kufungua. Mimi naona /boot ikae wazi kwa watu wengi. Usumbufu wa kuisimba unazidi ulinzi inaoleta.

Kundi la mwisho ni la wenye mashine za zamani. Ubuntu kwa miaka kadhaa, hadi ilipoondoa chaguo hilo kwenye kisakinishi cha 18.04, iliwawezesha watu kusimba folda ya nyumbani peke yake kwa eCryptfs. Hiyo si LUKS na haina kichwa mwanzoni mwa partisheni. Ufunguo wake umefungwa ndani ya faili liitwalo wrapped-passphrase, chini ya /home/.ecryptfs. Anayenakili faili zilizosimbwa huku akiliacha hilo la ufunguo kwa kuwa folda yake imefichika anabeba maelfu ya faili zenye majina yasiyosomeka. Kwa hawa nashauri wafungue, wanakili faili zikiwa wazi kwenye diski nyingine iliyosimbwa kwa LUKS, na waachane na eCryptfs kabisa.

/home ya zamani ikishapachikwa kwenye mfumo mpya, kuna marekebisho madogo. Linux hutambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Mtumiaji wa kwanza kwenye Debian, Ubuntu na Fedora hupewa 1000, kwa hiyo mashine ya mtu mmoja kwa kawaida haina tatizo. Ya ofisi yenye watumiaji watano walioundwa kwa mpangilio mwingine itampa Asha faili za Juma. Firefox nayo, tangu toleo la 67, hukataa kutumia wasifu ulioguswa na toleo jipya zaidi, na kwenye Ubuntu za karibuni wasifu huo umo ndani ya folda ya snap. Anayehamia Debian akadhani alamisho zake zimepotea azitafute huko kwanza.

Na kama mkono umeshateleza? Kama mfumo ungali unawaka na partisheni ingali wazi, usizime. Kerneli inao ufunguo mkuu kwenye kumbukumbu, na kichwa kilichoharibika hakizuii kusoma mpaka mashine izimwe; nakili kila kitu kwingine sasa hivi. Kama partisheni imefutwa kwenye jedwali tu, LUKS bado ipo mahali pake. Irudishe kwa nakala ya jedwali, au utumie TestDisk, ambayo inaitambua LUKS, kuutafuta mwanzo wake. Kama imefomatiwa, nakala ya kichwa ikirudishwa kwa luksHeaderRestore huokoa sehemu kubwa, ila kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa sababu mkfs.ext4 kwa kawaida huiambia diski kwanza iachilie nafasi yote, na SSD inaweza kuzitupa data zenyewe. Windows iliyounganishwa na diski hiyo nayo ikisema haiitambui na kuomba ruhusa ya kuifomati, ikataliwe.

Kwa sababu ya ugumu huu wapo wanaoshauri watu waache kusimba. Siwaungi mkono. Laptopu ya kliniki, ya wakili au ya mwandishi wa habari ikiibwa kwenye daladala au matatu, walio hatarini si mwenye laptopu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda taarifa za watu, na Tanzania ina sheria yake ya taarifa binafsi ya 2022. Kinachotakiwa ni mafundi wabadilishe mazoea: kabla ya kupokea mashine ya Linux na kuahidi kuirudisha jioni, waulize kama diski imesimbwa, wamwone mteja akiandika nenosiri likakubali, na wachukue nakala ya kichwa mbele yake. Mteja naye, akiona fundi anaanza bila kuuliza hayo, achukue mashine yake aondoke.